Kifua Kikibana, Hofu Huingia: Kwa Wanaouguza Nyumbani

Mtu akimaliza dozi ya TB ya miezi sita na makohozi yakawa safi, nyumbani tunasema amepona. Vijidudu vimekufa kweli, lakini makovu kwenye mapafu yanaweza kubaki. Yuko pia mama aliyepikia kuni miaka na miaka katika jiko lisilo na dirisha, mvuta sigara wa siku nyingi, na mchimbaji wa Mirerani aliyevuta vumbi la mwamba. Mapafu yao hayarudi yalivyokuwa, yanatunzwa tu. Na wengi wao wana ugonjwa wa pili usioandikwa kwenye kadi ya kliniki: wasiwasi, au sonona.

Wasiwasi ndio unaoonekana haraka. Mgonjwa amepandisha mlima na ndoo, anahema. Akihema anaogopa, akiogopa anavuta hewa harakaharaka kabla ile ya kwanza haijatoka. Hewa inarundikana kifuani, nafasi ya kuingiza nyingine inapungua, kifua kinazidi kubana. Hajifanyi. Anaamini anakufa, na watu sita kumzunguka wakipiga kelele "Tulia!" ni kumwongezea hofu.

Mkalishe, ainame mbele kidogo, mikono iegemee mapajani au mezani. Fungua dirisha, mpepee usoni kwa gazeti. Upepo ukimgusa uso, ile hali ya kuhisi hewa haitoshi hupungua. Avute hewa kwa pua, kisha aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai ya moto. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Pumua pamoja naye, maneno yawe machache. Kama ana pampu ya hospitali, aitumie alivyoelekezwa. Pampu ya salbutamol huweza kutetemesha mikono na kuufanya moyo uende mbio, na wapo wanaoiacha wakidhani inawaua, waelezwe mapema.

Lakini midomo au kucha zikigeuka rangi, akashindwa kumaliza sentensi, akachanganyikiwa, au pampu isimsaidie, usiseme ni hofu tu. Kimbilia hospitali.

Sonona huja polepole. Mzee aliyekuwa hakosi mpira kibandani sasa hatoki. Ukimuuliza, anasema ni kikohozi, na pengine ni kweli: anaona haya kutema makohozi mbele za watu, na jirani husogeza kiti akidhani bado ana TB. Uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula vinaweza kuletwa na mapafu yenyewe, ndiyo maana sonona hupita bila kutambuliwa. Mwangalie katika mambo yasiyohitaji pumzi. Redio haimfurahishi tena? Mjukuu akipanda mapajani anamshusha? Hali hiyo ikidumu wiki mbili, mpeleke kituo cha afya na uitaje waziwazi, maana akiulizwa mwenyewe atazungumzia kifua tu. Matibabu yapo: mazungumzo na mtaalamu na, ikibidi, dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Usimnunulie dawa za usingizi dukani. Diazepam huweza kudhoofisha upumuaji wa mtu ambaye mapafu yake tayari yamechoka.

Huruma yetu nayo huponza. "Wewe kaa tu, Baba, tutafanya sisi." Misuli inalegea, pumzi inazidi kuwa fupi, naye anajiona mzigo. Mazoezi yanayopangwa na wataalamu kwa wagonjwa wa mapafu huongeza uwezo wa kutembea na hupunguza wasiwasi na sonona. Nyumbani anaweza kuanza kwa kwenda hadi kwa jirani, akapumzika, akarudi. Na mwachieni kazi yake: achambue mchele, akague madaftari ya watoto, ashike hesabu za duka.

Akisema amechoka kuishi, msimkemee wala msimhubirie. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu na vidonge viondolewe asipoweza kuvifikia, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.