Kutoka Kaunta ya Mizigo Hadi Ndani ya Ndege

Tangu niajiriwe uwanja wa Entebbe, vijana wa kwetu Paya na wenzao wa Busia wananiuliza jambo moja: je, kazi ya chini inafungua mlango wa kazi ya angani? Inafungua, ila si mlango ule wanaoufikiria.

Wengi hudhani ukishavaa kizibao cha kung'aa na kupewa kitambulisho cha uwanja umekuwa mtu wa shirika la ndege. Sivyo. Mashirika mengi hukodi kampuni za huduma za uwanjani, na ndizo zinazopokea abiria, kupakia mizigo na kusogeza ngazi. Shirika likitangaza nafasi, wewe unaomba kama mtu wa nje. Basi uliza kabla ya kusaini mkataba: anayenilipa ana ndege?

Faida kubwa iko kwenye elimu. Chukua hati ya uzito. Kila begi ninalopima kaunta huandikwa kilo zake, idadi ya abiria na mahali walipokaa huingizwa, mafuta huongezwa. Hesabu hiyo hutoa uzito wa ndege nzima na upande ulikoegemea, mbele au nyuma. Rubani huitumia kupanga kasi ya kuruka, na haondoki bila kuikubali. Aliyekaa mwaka mzima na hati hizi akiingia darasa la urubani, somo la uzito na mizani halimtishi.

Saa nazo ni somo. Ratiba za ndege hufuata saa za ulimwengu, zilizo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Saa tatu asubuhi ya Kiswahili ni 9:00 kwenye simu yako na 0600 kwenye karatasi ya rubani. Wakati mmoja, namba tatu! Izoee ungali chini.

Anayetaka uhudumu wa ndani ajue nafasi ni chache. Uganda Airlines ilirudi angani Agosti 2019 ikiwa na ndege aina ya CRJ900 zenye viti 76. Kanuni ya kawaida ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo wawili wanatosha. Tena hawawekwi kwa ajili ya chai: ndege kubwa hupewa kibali ikithibitika kwamba abiria wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Kwenye usaili, aliyewahi kutuliza foleni ya abiria waliokosa ndege ana la kusema.

Dada zetu huniuliza pia kuhusu pombe. Kwenye mashirika mengi mhudumu huigawa, na hilo ulizeni wanachuoni kabla ya kutuma maombi, msingoje siku ya mafunzo. Saudia na EgyptAir hazigawi pombe kabisa.

Urubani ni safari nyingine. Kwa mtu wa Paya, chuo cha Soroti, kilichoanzishwa 1971 enzi za Jumuiya ya kwanza, kiko karibu kuliko Entebbe. Unapita Mbale tu. Leseni ya rubani binafsi hudai saa 40 za kuruka, na ya biashara saa 200, au 150 ukisoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Mshahara wa zamu za usiku haulipi saa hizo. Ninaowajua walifika kwa ufadhili, au kwa familia kuchanga kidogo kidogo miaka mingi. Wapo waliokimbilia mkopo wa riba, wakarudi na deni bila leseni.

Na kabla hujalipa hata shilingi moja ya ada, nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga ukapimwe afya ya daraja la kwanza. Macho yasiyotofautisha nyekundu na kijani yanaweza kukufungia leseni ya biashara, na wengi hawajui wanayo hadi siku ya kupimwa.