FUNGUA SAITI YAKO, MTEJA AONE KAZI KABLA HAIJAISHA

Leo tunajifunza biashara kutoka kwenye saiti ya ujenzi. Usicheke, twende taratibu.

Paris, Ufaransa, kuna mradi wa reli ya mjini, sehemu kubwa inapita chini ya ardhi: kilomita 200, stesheni 68. Juni 2016, wakati wanaanza, waliwaita wananchi waje kwenye saiti ya stesheni ya Clamart. Stesheni yenyewe ilikuwa bado kabisa. Sasa waliwaita waone nini?

Waone kazi. Mtu anayekaa jirani na saiti anakula vumbi na kelele miaka na miaka. Asipojua ndani kunaendelea nini, anajitungia majibu: "hela zimeliwa", "mradi umekufa". Akiona kwa macho yake, walau anajua anavumilia nini.

Hata huku kwetu tunalijua hili. Mkataba wa SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ulisainiwa Chato Januari 2021, na jiwe la msingi likawekwa Juni mwaka huohuo. Tangu hapo panda basi lolote hapa Shinyanga, kila abiria ana habari yake ya reli. Pasipoonekana kitu, maneno ndiyo yanajaa.

Sasa niambie: mteja aliyekutumia advansi ana tofauti gani na jirani wa saiti?

Mimi hili limenigharimu. Nauza magauni ya kitenge ya oda. Desemba moja dada wa Katoro alinitumia advansi ya 25,000, gauni la harusi ya mdogo wake. Cherehani ya fundi ikaharibika. Mimi nikaona aibu, nikanyamaza siku nne, nikisema nitamjibu gauni likiisha. Siku ya tano akaandika: "Dada, kama ulishakula hela sema tu." Jioni jina langu liko kwenye grupu lao, naitwa tapeli. Gauni liliisha na lilifika kabla ya harusi, lakini wenzake watatu walikuwa wameshaghairi oda. Kitambaa kilikuwepo, kimeshakatwa. Picha moja tu ingeniokoa.

Toka hapo nafanya hivi:

1. Tuma picha kazi ikiwa nusu. Kitambaa kimekatwa, piga. Mkono mmoja umeshonwa, piga. Usisubiri ipendeze.

2. Sema tatizo kabla hujaulizwa, na utaje siku. "Cherehani imeharibika, fundi anaitengeneza kesho, mzigo utapanda basi Ijumaa." Mteja atakasirika kidogo, ila hatakuita mwizi.

3. Weka siku ya kufungua. Mimi ni Jumamosi saa 10 jioni, naenda laivu nusu saa nikiwa kwa fundi. Naonyesha oda za wiki na kujibu maswali, hata yale machungu.

4. Weka mipaka. Kwenye saiti mgeni anavaa kofia ngumu, anapita njia aliyoonyeshwa, na kuna mwenyeji wa kumwongoza. Na wewe usionyeshe namba za wateja, majina yaliyoandikwa kwenye mizigo wala salio la simu yako. Fundi naye muombe ruhusa kwanza.

Tahadhari moja: kufungua hakuchukui nafasi ya kumaliza. Ukifungua saiti kila wiki na ukuta hauongezeki, watu wataliona na hilo. Kama umepokea oda kuliko uwezo wa fundi wako, dawa ni kupunguza oda au kuongeza fundi. Picha hazitakusaidia.

Kazi ya leo: fungua daftari lako la oda. Nani ametoa hela na hajasikia kutoka kwako siku tatu? Mtumie picha sasa hivi, hata kama ni ya kitambaa tu kimekunjwa mezani. Halafu rudi hapa utuambie amejibu nini.

Tuko pamoja.