Gurudumu Linalotikisika: Punje za Kusawazisha Zinatibu Nini, na Hazitibu Nini

Lori lililoingia nchini kwa mpaka wa Kobero, likapitia Muyinga, Ngozi na Kayanza, hufika Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara ya taifa namba 1 huteremka kwa kona nyingi hadi Bujumbura, kwenye kimo cha mita 800 hivi. Katika mteremko huo, gurudumu bovu ni hatari kwa watu wengi zaidi ya dereva wake. Karibu naye wapo waendesha baiskeli waliobeba mikungu ya ndizi, watembea kwa miguu, na vijana wanaojishikiza nyuma ya malori yanayopanda mlima.

Somo letu la leo ni juu ya usukani unaotetemeka, na juu ya njia moja ya kuutuliza. Njia hiyo hutumiwa Amerika ya Kaskazini na wenye malori na wenye magari makubwa ya kulala safarini: humimina ndani ya tairi punje ndogo za mviringo, za kioo au kauri, zifananazo na shanga zisizotobolewa. Yafaa tuielewe vema kabla haijapokelewa kama dawa ya kila ugonjwa.

Chanzo cha mtikisiko

Gurudumu likiwa na upande mmoja mzito kuliko mwingine, uzito huo huvuta kuelekea nje kila linapozunguka. Tuchukue tairi lenye nusu mita kutoka kitovuni hadi ukingoni, lililozidiwa gramu 100 ukingoni. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gramu hizo huvuta kwa nguvu ya mzigo wa kilo 10, mara saba kila sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 40, nguvu hiyo hushuka hadi robo yake. Ndiyo sababu gari hutulia mjini, kisha hutetemeka njiani.

Mafundi wetu, wakiwamo wale wa Buyenzi, huita kazi ya kuondoa kasoro hiyo balansi, na hugongelea vipande vidogo vya risasi kwenye rimu. Punje hufanya kazi kwa namna nyingine. Gari likisimama, hulala chini ya tairi. Mwendo ukiongezeka, hutupwa ukingoni, na mtikisiko wenyewe wa gurudumu huzisukuma kuelekea upande ulio mwepesi. Tairi kubwa la lori huhitaji takriban gramu 200 hadi 400, kulingana na ukubwa wake. Faida yake ni kwamba punje hujipanga upya kadiri tairi linavyolika. Upungufu wake ni kwamba mwendo ukiwa mdogo hazisaidii, na shimo la barabarani huzitawanya kwa muda.

Zisichokitibu

Dalili ya mvua ni mawingu. Mtikisiko ni onyo, na huenda onyo hilo halihusu uzito hata kidogo. Punje haziwezi kukaza nati iliyolegea, kunyoosha rimu iliyopinda, kuponya beringi iliyochoka wala kuunganisha nyuzi zilizokatika ndani ya tairi. Dereva anayemimina punje bila kukagua huenda akapunguza mtetemeko huku ubovu ukibaki. Kwa hiyo, akague kwanza kwa utaratibu huu:

1. Aegeshe gari mahali tambarare, azime injini na aweke kizuizi kwenye magurudumu.
2. Atazame nati. Mistari ya kutu inayoanzia kwenye nati ni dalili ya kulegea.
3. Apime upepo tairi zikiwa zimepoa.
4. Atafute uvimbe, mipasuko, na mawe yaliyonasa kati ya tairi pacha.
5. Akwangue tope lililokaukia ndani ya rimu. Wakati wa masika, tope hilo peke yake latosha kuharibu usawa.
6. Amwombe fundi ainue gurudumu na kulitikisa. Likicheza, beringi ichunguzwe.

Baada ya hayo ndipo balansi ifanywe. Gurudumu lililofunguliwa na kurudishwa, nati zake zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kwa atakayetumia punje

Tairi liwe kavu ndani, kwa kuwa unyevu huzigandisha punje pamoja. Zisichanganywe na dawa ya maji ya kuziba matundu. Valvu iwe na kichujio, ili punje isinase humo na kuvujisha upepo. Mchanga usitumike kamwe badala yake, kwani hukwaruza tairi kwa ndani. Fundi wa pancha aambiwe kabla ya kulifungua tairi. Vilevile, dereva ahifadhi pakiti ya punje hizo na kuwaeleza maafisa mpakani tairi linapokaguliwa, ili kuepusha shaka isiyo ya lazima.

Wajibu wetu sote

Wewe ukaaye kando ya barabara, ukiona gurudumu linayumba, mwashirie dereva asimame, nawe ukiwa mbali na njia. Asiposimama, toa taarifa kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, ukitaja rangi ya gari, namba yake ukiweza, na uelekeo wake. Wazazi nao wawakanye vijana kujishikiza kwenye malori: nati ikifyatuka au tairi likipasuka, aliye nyuma hana pa kukimbilia.