Bembelezi Humponya Nani?

Katika somo la fasihi simulizi tunafundishwa kwamba bembelezi ni wimbo wa kumlaza mtoto. Maelezo hayo ni ya kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili nimeisikia kwetu Wambaa, kusini mwa Pemba.

Hebu msomaji ajiulize: mtoto wa siku 20 anafahamu maneno gani? Hafahamu hata moja. Kinachomlaza ni sauti ya mama, mwendo wa polepole unaofuata mikono inayompakata, na kibwagizo kinachorudi. Mama angeweza kutaja majina ya samaki na mtoto akalala vile vile. Basi mbona nyimbo hizi zimejaa safari, upweke na njaa? Ni kwa sababu maneno ni ya mama mwenyewe.

Mzazi kwetu hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na mwili hurudi. Lakini moyo haukandwi kwa maji, na adabu haimruhusu kumsema mume wala mama mkwe. Likizo iliyopita nilimsikia jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa kaenda dago, akimwimbia mwanawe kwamba baba yumo baharini na chungu kimelala kifudifudi. Hakumwomba mtu kitu. Asubuhi bibi alinituma nipeleke unga na samaki, wala hakunieleza sababu. Nami sikuuliza, ukuta wa udongo hauzuii sauti.

Angelisema maneno yale uani, angeitwa mlalamishi. Akiwa na mtoto mapajani, hapana wa kumlaumu, maana anasema na mwanawe. Kwa hiyo mtoto ndiye ngao yake, na uzazi umempa ulimi ambao mwaka jana hakuwa nao. Hii ndiyo tofauti kubwa na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa kiasi cha mwaka 1858. Katika utendi ule mama mgonjwa anamwusia binti anayesikia na kufahamu. Katika bembelezi anayeambiwa hafahamu, na anayefahamu yuko chumba cha pili.

Hata hospitali zimelichunguza jambo hili. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti wa vichanga 272, waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, katika hospitali 11. Bembelezi zilizochaguliwa na wazazi ziliwasaidia watoto kutulia, na wasiwasi wa wazazi nao ukapungua. Mimi naona hayo ya mwisho ndiyo makubwa.

Siku hizi wengine huweka simu kando ya kitanda iimbe. Mtoto hulala, sikatai. Mama habaki na pa kusemea.

Mwenzangu wa dakhalia atakayekusanya nyimbo hizi likizo ijayo asiandike maneno peke yake. Aandike pia nani alikuwamo nyumbani wimbo ulipoimbwa, mume alikuwa wapi, na kesho yake nani alibisha hodi.