Mashine au Mikono? Hesabu ya Bwana Leontief

Wasomaji wengi wa gazeti letu watakubali bila ubishi kwamba nchi tajiri ina mashine nyingi, na kwamba nchi yenye mashine nyingi huuza nje vitu vinavyotengenezwa kwa mashine. Mimi pia nilikubali. Katika mtihani wa muhula uliopita niliandika hivyo kwa maneno mengi, nikapata maksi zangu. Baadaye mwalimu wetu wa biashara aliniazima kitabu cha elimu ya uchumi, ndipo nilipoona ya kuwa yuko mtu aliyeketi akahesabu, na hesabu ikakataa.

Fundisho lenyewe lilitoka Sweden. Eli Heckscher aliliandika mwaka 1919, na Bertil Ohlin, aliyekuwa mwanafunzi wake, akalieleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1933. Walisema kwamba kila nchi huuza nje vitu vinavyohitaji zaidi kile ambacho nchi hiyo inacho kwa wingi. Penye watu wengi na mtaji mdogo, patauzwa kazi ya mikono. Penye mtaji mwingi, patauzwa kazi ya mashine. Yafaa nieleze kwamba mtaji hapa si fedha za sandukuni tu, bali ni mitambo, majengo, magari na vyombo vyote vya kazi. Watu wengi waliliona fundisho hili kuwa wazi mno hata halihitaji kupimwa.

Aliyelipima ni Wassily Leontief, aliyekulia Urusi na kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akitengeneza jedwali kubwa la kuonyesha kila kiwanda katika nchi kinanunua kiasi gani kutoka kwa viwanda vingine. Ili tuone faida yake, tuchukue shati la sare ya shule. Ukiuliza limekula kazi kiasi gani, utaambiwa saa chache za fundi cherehani. Lakini kitambaa kilifumwa na watu, uzi ulisokotwa na watu, pamba ililimwa na watu, na lori lililobeba pamba liliundwa na watu kwa chuma kilichochimbwa na watu. Ukifuata nyuma namna hiyo utachoka kabla hujafika. Jedwali la Leontief lilimwezesha kuzikusanya kazi hizo zote, hata zile za mbali, zikawa jumla moja.

Mwaka 1953 alitoa matokeo yake, akitumia jedwali la Marekani la mwaka 1947. Aliuliza: ili kupata bidhaa za kuuza nje zenye thamani ya dola milioni moja, yahitajika mtaji gani na watu wangapi? Jibu likawa mtaji wa dola 2,550,780 na kazi ya watu 182 kwa mwaka mzima. Kisha akageukia bidhaa zinazonunuliwa nje. Hakuwa na majedwali ya nchi zote zilizoiuzia Marekani, kwa hiyo aliuliza kwa njia nyingine: kama Wamarekani wangezitengeneza wenyewe nyumbani, ingekuwaje? Vitu ambavyo Marekani haikuvizalisha, kama kahawa na chai, aliviacha kando. Jibu likawa mtaji wa dola 3,091,339 na watu 170.

Tugawanye sisi wenyewe. Katika bidhaa za kuuza nje, kila mfanyakazi alikuwa na mtaji wa dola 14,000 hivi; katika zile za kununua, dola 18,000 na zaidi. Basi nchi iliyokuwa na mitambo mingi kuliko zote duniani ilikuwa ikiuza kazi ya mikono na kununua kazi ya mitambo! Ni kama kuambiwa kwamba watu wa Mafia huagiza nazi kutoka Dodoma.

Mabingwa hawakunyamaza. Wengine walisema mwaka 1947 ulikuwa karibu mno na vita, viwanda vya Ulaya na Japani vikiwa vimebomolewa. Leontief akarudia kwa biashara ya mwaka 1951; tofauti ilipungua sana lakini haikugeuka. Robert Baldwin naye alipima biashara ya mwaka 1962, akaandika mwaka 1971 kwamba bidhaa za kununua bado zilizidi kwa mtaji kwa asilimia 27.

Leontief mwenyewe alidhani kwamba mfanyakazi mmoja wa Marekani alistahili kuhesabiwa kama watatu wa nchi nyingine. Lakini mwaka 1965 Mordechai Kreinin aliwauliza mameneja wa makampuni yenye viwanda Marekani na nchi za nje, na majibu yao yalionyesha tofauti ya asilimia 20 au 25 tu. Jambo hili lilinipendeza: hata bingwa mkubwa naye alipimwa.

Wengine walitazama mahali palipokuwa wazi tangu mwanzo. Katika hesabu ile mtu mmoja ni mtu mmoja, awe mhandisi au mfagiaji. Donald Keesing, katika miaka ya 1960, aliwagawa wafanyakazi kwa ujuzi wao, akalinganisha nchi kadhaa. Akaona kwamba bidhaa ambazo Marekani iliuza nje zilikula zaidi kazi ya wanasayansi, wahandisi na mafundi stadi. Kumbe mikono iliyouzwa ilikuwa mikono iliyosomeshwa.

Nilipofika hapo nikakumbuka nyumbani. Mama yangu ni mshonaji. Mwaka juzi alikopa katika kikundi cha akina mama, akanunua cherehani ya kudarizi. Ilikaa miezi saba imefunikwa kanga, kwa sababu yeye na msaidizi wake hawakujua kuipanga, na kila walipojaribu nyuzi zilikatika. Marejesho yalitoka katika kazi ya cherehani ya zamani. Kisha akaja binti wa jirani, aliyekuwa amejifunza darizi miaka miwili, na tangu siku hiyo mashine inalipa. Chumba ni kile kile na mtaji ni ule ule. Lau angehesabu jedwali, lingeandika tu kwamba mtu mmoja ameongezeka.

Mimi namaliza kidato cha nne mwaka huu. Baba amesema fedha za korosho zaweza kununua pikipiki ya biashara, au kunilipia mafunzo ya ufundi wa mitambo, si yote mawili. Likizo iliyopita nilimweleza habari hizi zote. Sikumficha kwamba mwaka 1980 Edward Leamer aliandika kuwa Leontief alilinganisha visivyofaa kulinganishwa, kwamba ilipasa kutazama vitu ambavyo nchi inatengeneza na vile inavyotumia, na kwamba kwa kipimo hicho ajabu ya mwaka 1947 inatoweka. Nilimwambia pia kwamba suala la ujuzi halikutoweka nayo, maana wanaopima biashara mpaka leo huwagawa wafanyakazi kwa elimu yao.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai, akaniuliza: "Na wale waliosomea ufundi wasipate kazi, hao bwana wako aliwaandika wapi?"

Nilikitazama tena kitabu usiku ule. Katika jedwali wamo waliokuwa kazini tu. Asubuhi nilimwambia hivyo, naye akasema tutazungumza tena korosho zikishauzwa.