Tuimarishe miguu kabla hatujaomba kiti msikitini



Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Allah (s.w), aliyetujaalia viungo vya kusimamia ibada na kutafutia riziki. Katika safu yetu leo tuitazame miguu: nini kinaidhoofisha, na vipi baiskeli pamoja na mazoezi mepesi ya nyumbani vinaweza kuirudishia nguvu.

Ukiingia msikitini siku ya Ijumaa utaona viti vya plastiki pembeni mwa safu. Wengi wanaovikalia ni wagonjwa na wazee wenye udhuru, na sheria imewapa ruhusa. Imran bin Huswain (r.a), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alielekezwa na Mtume (s.a.w) aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa tena aswali kwa ubavu (Bukhari). Lakini wapo wenye miaka 45 au 50 ambao hawajavunjika wala hawajapooza, isipokuwa miguu yao haina nguvu ya kuwainua kutoka sijda. Makala hii inawahusu wao, na vijana wanaoelekea huko bila kujua.

Kwa nini miguu inadhoofika?

Misuli mikubwa kuliko yote mwilini ipo makalioni na mapajani. Mwili haulishi misuli isiyotumika. Mgonjwa akilala kitandani wiki 2 tu, mapaja yake huanza kusinyaa. Kwa mtu mzima, misuli huanza kupungua kidogo kidogo katika miaka ya 30 na 40, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka.

Hapa Buguruni tunaiongezea kasi hiyo wenyewe. Kutoka Malapa kwenda sokoni mtu anapanda bodaboda. Mwenye duka Kariakoo anakaa kwenye stuli tangu asubuhi, jioni anakaa ndani ya daladala, usiku anakaa mbele ya televisheni. Matokeo yake ni magoti kuuma, kuanguka, na kwa wazee kuvunjika nyonga. Tena misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Ikipungua na kukaa bure, sukari hubaki kwenye damu na njia ya kisukari inafunguka.

Je, swala haitoshi kuwa mazoezi?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi. Katika rakaa 17 za faradhi, mtu huinuka kutoka sakafuni hadi kusimama mara 12 kwa siku akiwa ndani ya swala. Ni neema kubwa kwa viungo. Lakini swala ni ibada, na uzito unaouinua ni ule ule kila siku. Misuli ikishauzoea mzigo, haiongezeki tena. Ili ikue inahitaji mambo matatu: mzigo unaoongezeka taratibu, chakula, na mapumziko. Mtazame kijana muuza madafu anayetoka Buguruni kwenda Kariakoo na baiskeli iliyosheheni. Hajawahi kuingia jimu, lakini mapaja na vigimbi vyake vimekaza.

Namna ya kuanza na baiskeli

Baiskeli hufanyisha kazi misuli ya mbele na nyuma ya paja, makalio na vigimbi, huku siti ikibeba uzito wa mwili. Kwa hiyo humfaa hata mtu mnene ambaye magoti yake hayawezi kukimbia.

Mwambie fundi arekebishe siti: pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Siti ikiwa chini mno, magoti yatauma. Anza na dakika 15, siku 3 kwa wiki, ukiruka siku moja katikati. Kila wiki ongeza dakika 5 hadi ufike 45. Kasi inayofaa ni ile inayokuruhusu kuzungumza lakini huwezi kuimba kaswida. Baada ya mwezi, tafuta njia yenye mwinuko au funga mzigo mwepesi kwenye keria.

Wakati mzuri ni baada ya Alfajiri kukipambazuka, kabla malori ya bandarini hayajajaa Barabara ya Mandela. Pita mitaa ya ndani inapowezekana, vaa kofia ngumu, na hakikisha breki na kengele vinafanya kazi. Mwezi wa Ramadhani fanya mazoezi mepesi karibu na kufuturu, au baada ya tarawehe.

Mazoezi ya nyumbani

Baiskeli peke yake haifundishi mwili kusimama imara, kwa sababu umeketi. Siku 2 au 3 kwa wiki ongeza haya, ambayo mama wa nyumbani anaweza kuyafanya chumbani kwake kwa stara:

1. Keti kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, simama, keti taratibu. Mara 8 hadi 12, pumzika, rudia mara 2.

2. Shika ukuta, inuka kwa vidole vya miguu, shuka taratibu. Mara 15.

3. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta kwa sekunde 10, kisha badilisha.

Zoezi la kwanza ni kipimo pia. Hesabu unasimama mara ngapi kwa sekunde 30. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 asiyefikisha 14, au mwanamke wa umri huo asiyefikisha 12, yuko chini ya wastani na yumo katika hatari ya kuanguka.

Akina mama wasidhani haya ni ya wanaume. Bi Aisha (r.a) alishindana mbio na Mtume (s.a.w) akamshinda, na baadaye alipoongezeka mwili akashindwa (Abu Daud). Mtume (s.a.w) naye alikuwa akienda Msikiti wa Quba kila Jumamosi, kwa miguu au kwa kipando (Bukhari na Muslim).

Chakula na tahadhari ya vidonge

Misuli hujengwa na protini. Dagaa, maharage, kunde, choroko, mayai na maziwa vinatosha, maadamu viliwe kila siku na si ugali na mchuzi mtupu. Lala usingizi wa kutosha, kwani misuli hujijenga wakati wa mapumziko.

Jiepushe na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kiholela. Baadhi yake ni deksamethasoni, dawa ya hospitali inayotumiwa vibaya. Ikitumika muda mrefu huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, na huyeyusha misuli ya mapaja, hadi mtu anashindwa kuinuka kwenye kiti. Aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiikatishe ghafla; aende kituo cha afya apunguziwe taratibu.

Nani amwone tabibu kwanza? Mwenye maradhi ya moyo, presha isiyotulia, kidonda mguuni, au anayetumia insulini. Na ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, acha mazoezi uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, Mtume (s.a.w) alimkumbusha Abdullah bin Amr (r.a) kwamba mwili wake una haki juu yake. Anza wiki hii na kiti na ukuta wa nyumbani kwako, baiskeli ifuate. Ndani ya miezi 2 hadi 3 insha'Allah utaona tofauti unapoinuka kutoka sijda.

Wabillahi tawfiq.