Kabla Tenga Halijafika Buzuruga

Bei ya chakula hupangwa sokoni, iwe Buzuruga jijini Mwanza au kwingineko, lakini sehemu kubwa ya faida huamuliwa njiani. Tuseme umenunua matenga 10 ya nyanya kwa shilingi 20,000 kila moja. Mawili yakioza, manane yaliyobaki yanabeba gharama ya yote: kila tenga limekugharimu 25,000, kabla ya nauli na ushuru. Hasara hiyo hupunguzwa kwa kuitafuta mapema.

1. Fuata safari ya mzigo. Kuanzia shambani au mwaloni hadi mezani kwako, andika kila mahali mzigo unapopakiwa, kushushwa au kusubiri. Hapo ndipo unapochubuka, kuloa, kupigwa jua au kupungua.

2. Pima hatari. Kwa kila kituo jiulize: tatizo hutokea mara ngapi, na likitokea linakula kiasi gani cha mtaji? Anza na linalojirudia na kula kingi.

3. Chukua hatua kulingana na bidhaa.

- *Dagaa:* Mbalamwezi ikiwaka, uvuvi wa taa hupungua na bei hupanda. Weka akiba mapema. Wakati wa masika, vunja dagaa mmoja: akipinda badala ya kukatika, hajakauka. Usimfungie guniani.
- *Sato na sangara:* Barafu ianzie mwaloni, tabaka kwa tabaka, na maji yapate pa kutokea.
- *Nyanya:* Kwa safari ndefu chukua zinazoanza kuiva. Tenga lisijae kupita ukingo, maana tenga la juu litaziponda nyanya za chini yake.
- *Mahindi:* Unyevu usizidi asilimia 13.5, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yenye ukungu yasiuzwe hata kwa bei ya kutupa.

4. Usimtegemee mtu mmoja. Uwe na dalali wa pili na dereva wa pili, na mkubaliane kabla ya safari nani atabeba hasara mzigo ukichelewa.

5. Pima upya hali ikibadilika. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025, limewaondolea wanaoleta mizigo Mwanza kutoka Sengerema na Geita foleni ya kivuko. Aliyekuwa akichuma matunda mabichi kwa hofu ya kusubiri sasa anaweza kuyaacha yakomae zaidi.

Kila jioni andika daftarini kilichotupwa, kiasi chake na sababu. Mwisho wa mwezi, sababu iliyokula fedha nyingi ndiyo ya kushughulikia kwanza.